Birmingham: Jumba la sanaa lililojengwa kwa fedha za gesi

Mgeni anayeshuka katika kituo kikuu cha reli cha New Street mjini Birmingham hahitaji mwendo mrefu kwa miguu kuufikia uwanja wa Chamberlain, katikati ya jiji hilo la pili kwa ukubwa nchini Uingereza.

Hapo ataliona jengo la mawe lenye nguzo nene na mnara wa saa ambao wenyeji huuita Big Brum. Hilo ndilo Jumba la Makumbusho na Sanaa la Birmingham, lenye umri wa zaidi ya miaka 140.

Kwa vizazi kadhaa, mtu ameweza kuingia humo bila kulipa kiingilio. Hata hivyo, mlango ulio wazi haujawa mwaliko kwa kila mtu.

Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2021, Birmingham ina wakazi zaidi ya milioni 1.1, na zaidi kidogo ya nusu yao hawajitambulishi kuwa wazungu. Miongoni mwao wamo Wasomali, Wakenya, Watanzania, Waganda, Wakongo na Warundi.

Je, mtu aliyezaliwa Kisumu au Tanga, au mtoto wake aliyezaliwa hapa Birmingham, akiingia katika jumba hilo anakuta nini kinachomhusu? Katika makala haya tunaeleza jumba hilo lilivyoanzishwa, yaliyomo ndani yake, na mjadala uliozuka kuhusu nani mwenye haki ya kuyaeleza.

Mapato ya gesi

Mwaka 1875 baraza la mji wa Birmingham, likiongozwa na Meya Joseph Chamberlain, lilizinunua kampuni za gesi za mji huo. Wakati ule gesi ndiyo iliyowasha taa za mitaani na za majumbani, na faida yake ikaanza kuingia katika mfuko wa umma.

Sheria haikuliruhusu baraza kutumia kodi ipendavyo kwa ajili ya maktaba na majumba ya sanaa. Kiwango kiliwekwa, nacho kilikuwa kidogo. Maktaba kuu ya mji ilipoungua mwezi Januari mwaka 1879, fedha hizo chache zilikuwa na kazi nyingine ya kufanya.

Mwaka 1880 ndugu wawili wa familia ya Tangye, Richard na George, waliokuwa na kiwanda cha mitambo, walijitolea pauni 10,000 za kununulia kazi za sanaa. Mchango wao ulilitaka baraza nalo lifanye sehemu yake, yaani kutoa mahali pa kuziweka kazi hizo.

Baraza likapata njia. Kamati ya Gesi, iliyokuwa na fedha zake yenyewe, ilijenga ofisi mpya, na juu ya ofisi hizo ikajengwa sehemu ya kuonyeshea sanaa. Jengo lilibuniwa na msanifu Yeoville Thomason, na Mwana Mfalme wa Wales, ambaye baadaye alitawala kwa jina la Edward wa Saba, akalifungua tarehe 28 Novemba mwaka 1885.

Maandishi yaliyochongwa kwenye jiwe humo yanatangaza kwamba sanaa inaendelezwa kwa mapato ya viwanda. Hadi leo ukumbi mmoja wa maonyesho unaitwa Gas Hall.

Waasisi hao walikuwa na nia ya kuwafikia wafanyakazi. Tangu mwaka 1872 mji huo ulikuwa umekwisha kuruhusu maktaba na chumba chake cha sanaa kufunguliwa siku ya Jumapili, jambo lililopingwa vikali na baadhi ya watu wa dini. Hoja ya waliounga mkono ilikuwa nyepesi: mtu anayefanya kazi kiwandani siku sita za juma hana siku nyingine ya kwenda kutazama picha.

Jina lililofika Mombasa

Msikilizaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya kulitazama kwa makini jina la uwanja ulio mbele ya jumba hilo.

Joseph Chamberlain aliondoka katika siasa za mji akaingia katika siasa za dola. Alikuwa Waziri wa Makoloni wa Uingereza tangu mwaka 1895 hadi 1903. Reli ya kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria ilianza kujengwa mwaka 1896 na kufika ziwani mwaka 1901, wakati yeye yumo madarakani.

Mwezi Desemba mwaka 1902 alipita Mombasa na kuipanda reli hiyo, akiwa njiani kwenda Afrika Kusini. Mwaka uliofuata ilitolewa rai ya kuwapa Wayahudi waliokuwa wakiteswa nchini Urusi ardhi katika uwanda wa Uasin Gishu, ambao leo umo nchini Kenya. Mpango huo haukutekelezwa. Wenyeji wa uwanda wenyewe hawakuulizwa.

Wazee wetu walibeba Birmingham mifukoni bila kujua. Sarafu za kampuni ya kifalme ya Waingereza iliyoitawala Mombasa mwaka 1888, pamoja na nyingi kati ya zile senti zenye tundu zilizotumika Afrika Mashariki wakati wa ukoloni, zina herufi ndogo ya H. Hiyo ni alama ya kiwanda cha Heaton cha Birmingham. Nyingine zina herufi KN, alama ya kiwanda cha Kings Norton cha mji huohuo.

Kwa hiyo mgeni kutoka kwetu anapoambiwa kwamba jumba hili ni tunda la viwanda vya Birmingham, ana haki ya kuuliza bidhaa za viwanda hivyo zilikwenda wapi. Bunduki na bangili za shaba zilizotumika kama fedha katika biashara ya watumwa Afrika Magharibi zilitengenezwa hapo pia.

Kinachomngoja mgeni ndani

Ukipanda ngazi utafika katika chumba cha duara chenye paa la kioo. Humo kwa miaka mingi imesimama sanamu kubwa ya shaba ya malaika Lucifer, iliyotengenezwa na Jacob Epstein baina ya mwaka 1944 na 1945. Birmingham iliipokea baada ya majumba mengine makubwa kuikataa.

Jumba hili linasifika zaidi kwa picha za kundi la wachoraji wa karne ya 19 walioitwa Pre-Raphaelite. Mkusanyo wake wa kazi za wachoraji hao ndio mkubwa kuliko wote unaomilikiwa na umma duniani. Mmoja wa waliokuwa karibu na kundi hilo, Edward Burne-Jones, alizaliwa Birmingham mwaka 1833.

Picha moja humgusa mtu yeyote aliyewahi kuhama. Inaitwa The Last of England, na mchoraji Ford Madox Brown aliimaliza mwaka 1855. Mume na mke wameketi ndani ya chombo, pwani ya Uingereza ikibaki nyuma yao. Hawaitazami. Mke ameushika mkono wa mumewe, na kwa mkono mwingine ameshika mkono mdogo wa mtoto mchanga aliyefichwa ndani ya shali yake.

Brown alipata fikra hiyo baada ya rafiki yake, mchongaji Thomas Woolner, kuondoka kwenda Australia mwaka 1852. Alijichora mwenyewe pamoja na mkewe, Emma. Aliyewahi kuagana na ndugu zake katika uwanja wa ndege wa Nairobi au Entebbe hatahitaji mwongozaji wa kumfafanulia nyuso hizo. Tofauti ni kwamba wahamiaji hawa ni Waingereza, nao wanaikimbia nchi ambayo wengine leo wanaililia visa yake.

Kisha kuna sanamu ya Buddha ya Sultanganj, yenye urefu wa mita 2.3 na uzito wa zaidi ya kilo 500. Ilitengenezwa kwa shaba nchini India zaidi ya miaka 1,300 iliyopita, ikafukuliwa mwaka 1861 wakati wa ujenzi wa reli katika jimbo la Bihar. Samuel Thornton, mfanyabiashara wa chuma aliyewahi kuwa meya wa Birmingham, alitoa pauni 200 ili iletwe Uingereza, akaikabidhi kwa mji.

Hapa mambo mawili yamekutana. Kwa mtaalamu, ni kielelezo adimu cha ufundi wa kale. Kwa waumini wa dini ya Buddha waishio Birmingham, ambao wamewahi kukusanyika mbele yake kwa ibada, ni kitu kitakatifu kilichoondolewa kwao. Maelezo ya mistari mitano ukutani hayawezi kuwaridhisha wote wawili kwa kiasi kimoja.

Nani aandike maelezo?

Mwezi Oktoba mwaka 2017 jumba hilo lilifungua maonyesho yaliyopewa jina la The Past is Now, kuhusu Birmingham na dola ya Uingereza. Wanawake sita wasiokuwa wazungu, kutoka nje ya jumba, walialikwa kushirikiana na wahifadhi wake katika kuchagua vitu na kuviandikia maelezo.

Maelezo yao hayakuwa ya upole. Yalieleza waziwazi jinsi utajiri wa mji ulivyofungamana na ukoloni, na hata Chamberlain hakusalimika. Wako wageni waliosema kwamba hatimaye wamesikia ukweli. Wako pia waliosema kwamba mji wao unatukanwa ndani ya nyumba yake.

Mmoja wa wanawake hao, Sumaya Kassim, aliandika baadaye mwaka huohuo makala iliyosomwa sana katika nchi nyingi. Alionya kwamba jumba la makumbusho linaweza kuwaalika watu wa nje, likapata sifa kwa kufanya hivyo, na bado likabaki na mamlaka yaleyale.

Onyo hilo lina uzito, kwa sababu maonyesho hufungwa na jengo hubaki. Hata hivyo si haki kusema kwamba hakuna kilichofuata. Mwaka 2022 chumba cha duara kilikabidhiwa kwa maonyesho ya We Are Birmingham, yaliyoandaliwa kwa ushirikiano na kundi la vijana wa jiji hilo wasiokuwa wazungu, ili kuwaonyesha wakazi wa Birmingham kama walivyo leo.

Mwaka huohuo wa 2022, wageni waliona humo maonyesho yaliyochaguliwa na Lubaina Himid kuhusu wanawake na maisha ya mjini. Himid alizaliwa Zanzibar mwaka 1954. Baba yake alifariki dunia angali mtoto mchanga, na mama yake, aliyekuwa mbunifu wa vitambaa, akarejea naye Uingereza. Mwaka 2017 alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kushinda tuzo ya sanaa ya Turner.

Mtoto wa Unguja hakuingia humo kama kitu cha kutazamwa. Aliingia kama mchaguzi wa vitu ambavyo wengine watavitazama.

Jiji lililoishiwa fedha

Jumba hilo lilifungwa mwaka 2020 kwa sababu ya janga la corona, na likaendelea kufungwa ili nyaya chakavu za umeme zibadilishwe. Lilifunguliwa kwa sehemu mwezi Aprili mwaka 2022, mwaka wa Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Birmingham, likafungwa tena mwezi Desemba. Ukumbi wa Gas Hall ulifunguliwa mwezi Februari mwaka 2024, na sehemu nyingine za jengo kuu mwezi Oktoba mwaka huo.

Katikati ya kazi hiyo, tarehe 5 Septemba mwaka 2023, Baraza la Jiji la Birmingham lilitangaza rasmi kwamba haliwezi kumudu matumizi yake. Ruzuku kwa taasisi kadhaa za sanaa zikafutwa. Mkusanyo wa jumba hilo ni mali ya jiji, ingawa tangu mwaka 2012 unaendeshwa na wakfu maalumu, kwa hiyo wengi waliingiwa na hofu kuhusu hatima yake.

Wasikilizaji wa Zanzibar watauelewa wasiwasi huo bila maelezo marefu. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, miaka miwili tu kabla ya hili la Birmingham kufunguliwa, nalo lilifanywa makumbusho. Tarehe 25 Desemba mwaka 2020 sehemu yake iliporomoka wakati wa ukarabati, na watu wakapoteza maisha. Jengo la kale halingoji bajeti ipatikane.

Lakini watu wa Birmingham wamewahi kuonyesha kwamba wanaweza kulipigania jumba lao. Mwaka 2009 hazina ya dhahabu ya kale, yenye maelfu ya vipande, ilifukuliwa katika shamba huko Staffordshire. Ilipoonyeshwa Birmingham, watu walipanga foleni kwa saa kadhaa. Michango ya umma ilisaidia kupata takriban pauni milioni 3.3 zilizohitajika mwaka 2010 ili hazina hiyo ibaki katika eneo hilo.

Kwa anayekusudia kwenda

Lilipofunguliwa tena mwaka 2024, kiingilio kilibaki bure, na anayeweza huombwa kutoa mchango. Kwa kuwa vyumba vimekuwa vikifunguliwa kwa awamu, ni busara kuuliza mapema kama kile unachokusudia kukiona kipo.

Usijaribu kumaliza vyumba vyote kwa siku moja. Chagua viwili, uvitazame kwa utulivu, kisha upumzike katika mkahawa wa jumba. Ukiwa na watoto, waache wakitazame kitu kwanza na kusema wanachokiona, ndipo usome maelezo ya ukutani. Wasimulie kwa Kiswahili. Kazi hiyo ni ya mzazi.

Na kama maelezo yanakuudhi au yamekisahau kisa cha kwenu, waandikie wahifadhi uwaambie. Maelezo ya mwaka 2017 na picha za chumba cha duara za mwaka 2022 zilitokana na ushirikiano wa jumba na watu wa nje yake.