Kuoga kwa Tembo katika Mkondo wa Kazinga: Picha, Umbali na Sera ya Utalii

Magharibi mwa Uganda, katika Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, Mkondo wa Kazinga huunganisha Ziwa George na Ziwa Edward. Nyakati za joto makundi ya tembo hushuka ukingoni kunywa na kuoga, na watalii huwapiga picha kutoka mashuani.

Kuoga huko si mchezo tu. Tembo hana tezi za jasho za kutosha kuupoza mwili. Mikunjo na nyufa za ngozi yake huhifadhi maji na matope, ambayo hupunguza joto na kuikinga ngozi dhidi ya jua na wadudu. Kwa hiyo, mashua inayolikaribia kundi hadi likaondoka majini hulinyima hitaji la kimwili.

Hata hivyo, picha iliyopigwa kwa umbali ufaao ina thamani ya kitaaluma: mipasuko ya masikio na umbo la pembe hutambulisha kila tembo, kama ilivyofanyika Amboseli, Kenya, tangu 1972. Lakini faili hiyohiyo huweza kubeba taarifa za mahali ilipopigwa, zikamfaa jangili. Basi sera haina budi kudhibiti yote mawili: umbali wa mashua na usambazaji wa taarifa hizo.