Pointi Sita za Mtaroni

Jumamosi moja ya mwaka 2019 mwanangu wa kiume, aliyekuwa na umri wa miaka 12, alirudi nyumbani akinuka mtaro. Suruali ilikuwa imelowa tope hadi magotini, na mkononi alishika reki ambayo haikuwa yetu. Nilipomwuliza alikotoka, alinijibu bila wasiwasi kwamba yeye na timu yake walikuwa wakizibua mitaro.

Msomaji, nitasema kweli: nilikasirika. "Sikulipi karo ili uje uzoe taka za watu," nilimwambia.

"Lakini baba, tusipokwenda timu inakosa pointi 6."

Pointi 6! Katika kandanda niijuayo mimi, ukishinda unapata 3, ukienda sare unapata 1, na mtaro hauna goli. Basi Jumamosi iliyofuata nikafunga safari ya miguu kwenda kujionea hao wanaomfunza mwanangu hesabu mpya.

Sisi tukaao Huruma hatuhitaji kuelezwa habari za Chama cha Michezo ya Vijana wa Mathare, kijulikanacho zaidi kwa jina la MYSA. Kwa walio mbali, chama hicho kilianza mwaka 1987, pale Mkanada mmoja, Bob Munro, alipoona watoto wa bonde la Mathare wakicheza kwa mpira wa makaratasi uliofungwa kwa kamba. Watoto walitaka mpira wa kweli na refa wa kweli. Akakubali kuwasaidia, lakini kwa sharti kwamba nao waufanyie mtaa wao jambo. Jambo lenyewe halikuhitaji kutafutwa. Takataka zilijaa kila kichochoro, na mvua ikinyesha maji machafu yalikuwa yakiingia vyumbani na kuwaachia watoto maradhi.

Ndipo ukazaliwa ule utaratibu wa pointi. Timu ikimaliza kazi yake ya usafi hupata pointi 6, nazo huandikwa katika jedwali lile lile la ligi. Maana yake ni kwamba timu hodari inayokwepa sepetu yaweza kupitwa na timu dhaifu yenye bidii. Mimi, mpenzi wa kandanda tangu utotoni, niliona hiyo ni dhuluma tupu.

Nilipofika nilitafuta mtu mzima anayesimamia, nisimwone. Aliyeshika karatasi ya majina alikuwa msichana wa miaka kama 16 hivi. (Wasichana wamo katika ligi hiyo tangu mwaka 1992.) Huyu alimpa wilbaro, yule reki, na waliochelewa aliwapeleka palipokuwa na uvundo zaidi. Hakupiga kelele. Mama mmoja muuza sukumawiki akatoka kibandani kuwaonyesha palipoziba, kisha akarudi na ndoo ya maji wanawe mikono.

Mara akapita mzee mmoja akila ndizi, akatupa ganda mtaroni. Kimya! Nilitazama mwanangu, nikiomba asinitie aibu. Akasema kwa heshima, "Shikamoo mzee. Hapo tumeshasafisha." Mzee alimtazama, akatazama mtaro, akainama akaliokota. Katika mtaa niliokulia ni mzee aliyemrudi mtoto wa jirani, nasi tulijua kwamba fimbo ya jirani ni sawa na ya baba. Hapa mambo yaligeuka juu chini, wala adabu haikuvunjika.

Nilielezwa pia kwamba kijana anayejitolea kufundisha wadogo, kuchezesha mechi au kuongoza usafi hukusanya pointi zake mwenyewe, ambazo zaweza kumpatia karo. Wako wanaosema kwamba kujitolea kwa malipo si kujitolea. Mimi nasema hao hawajawahi kufukuzwa shule kwa kukosa karo.

Matunda ya uwanjani yanajulikana. Klabu ya Mathare United iliundwa mwaka 1994 kutokana na vijana hao, na mwaka 2008 ikatwaa ubingwa wa ligi kuu ya Kenya. Lakini haifai kuwabebesha watoto mzigo wa serikali. Mafuriko ya mwaka 2024 yalipolikumba bonde la Mathare yaliondoka na roho za watu na nyumba zao, na baadaye nyumba zilizobaki kando ya mto zikabomolewa kwa amri ya serikali. Mtoto mwenye reki hawezi kuuzuia mto.

Siku ile nilidhani nitasimama kando mikono mfukoni. Yule msichana alinijia na beleshi. "Mzee, wewe utasaidia upande ule." Nikaenda. Nilichimba na jirani tuliyeishi naye ploti moja kwa miaka tisa, na ndiyo kwanza nikajua jina lake na kwamba mkewe alikuwa hospitalini tangu Jumatatu. Jioni mama watoto alimpikia uji, nikampelekea.

Alasiri timu ya mwanangu ilifungwa mabao manne bila jibu. Nilimsubiri nje ya uwanja nikiwa nimeandaa maneno ya kumfariji. Alikuja mbio, vidole vikihesabu.

"Baba, bado tuko wa pili!"