Mpunga, Viboko na Hesabu ya Malengo Mawili

Maji ya Mto Katuma, mkoani Katavi, hugombewa na pande mbili. Upande wa juu mkulima huyazuia kwa banio apate kumwagilia mpunga; upande wa chini, katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, viboko husongamana vidimbwini kila kiangazi. Tangu miaka ya 1990 mto huo umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi, na wataalamu wametaja umwagiliaji miongoni mwa sababu. Je, lango la mfereji lifunguliwe kiasi gani?

Tuchukue mfano wa darasani, ambao si vipimo vya mto wenyewe. Kiasi cha kufungua lango tukiite x. Maji machache hukausha mpunga, na mengi mno huuzamisha. Basi hasara ya mkulima na iwe (x − 2)². Hasara ya hifadhi na iwe x². Mteremko wa hasara ya kwanza ni 2(x − 2), na wa pili ni 2x. Lango likiwa 5, miteremko ni 6 na 10. Yote miwili ni chanya: tukilifunga kidogo, mkulima na kiboko watanufaika pamoja. Lango likiwa 1, miteremko ni −2 na 2. Hapo anachopata mmoja, mwenziwe hukipoteza. Majibu yote kutoka 0 hadi 2 huitwa mpaka wa Pareto, kwa jina la mchumi wa Italia, Vilfredo Pareto (1848–1923).

Lakini malango yakiwa mengi, na tarehe za kupanda zikiwa mbalimbali, hasara huwa na mabonde mengi. Njia ya mteremko, aliyoieleza Mfaransa Cauchy mwaka 1847, ni ya haraka, ila hufanana na mtu ashukaye mlima gizani: hukomea bonde la kwanza alikutalo. Tena swali la ndiyo au siyo, kama vile banio lijengwe au lisijengwe, halina mteremko.

Njia ya mageuzi, aliyoieleza Mmarekani John Holland katika kitabu chake cha 1975, huiga viumbe. Kompyuta huanza na mipango mingi ya kubahatisha; iliyo bora huchanganywa na kubadilishwa kidogo, kizazi baada ya kizazi, hata kundi likatapakaa juu ya mpaka wa Pareto. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti uliotumia njia hii kupima mgongano wa umeme, kilimo na mazingira katika Mto Rufiji. Kasoro yake ni mwendo wa kobe.

Kwa hiyo njia hizi mbili huunganishwa. Mageuzi huitawanya mipango mabondeni. Mteremko huisukuma michache iliyoteuliwa hadi chini kabisa. Ikisukumwa yote, gharama ya hesabu hupanda, na mipango huweza kurundikana mahali pamoja.

Hesabu hutuondolea mipango inayowaumiza wote wawili bila sababu. Kati ya ile inayobaki, wanaochagua ni watu. Mwalimu, waagize wanafunzi wachore grafu hizo mbili, kisha kila mmoja achague lango lake na kueleza ni nani atakayelipa gharama.