Jeni Inayosomwa kwa Kinyume

Wanangu, hamira mnaijua. Mama akitaka kuumua unga wa maandazi hutia kijiko kimoja kwenye maji ya uvuguvugu yenye sukari, na punde povu linapanda. Zile punje ni mkusanyiko wa seli hai, na kila seli ni kiumbe kizima kinachokula sukari, kutoa gesi na kuchipua mtoto ubavuni. Wanasayansi hukiita Saccharomyces cerevisiae. Ninacho kisa chake kimoja, nacho ni cha wakati wa njaa.

Seli za hamira ni za namna mbili. Zipo zenye seti moja ya kromosomu, yaani 16, na hizo zina jinsi mbili: a na alfa. A na alfa zikikutana huungana, ikapatikana seli yenye seti mbili, kromosomu 32. Njaa ikibisha hodi, seli ya seti mbili hujigawa kwa meiosisi, ikafanya spora nne ndani ya mfuko mmoja, kila spora na seti yake kamili na ganda lake gumu la kusubiri neema. Seli ya seti moja haiwezi kufanya hivyo. Ikiigawa seti yake pekee, watoto watapungukiwa na kromosomu, watakufa. Lazima izuiwe isijaribu, hata njaa iwe kali vipi.

Vizuizi viko kadhaa, lakini kinachonistaajabisha zaidi kiko kwenye jeni ya IME4, inayohitajika katika meiosisi. DNA ni nyuzi mbili zilizosokotana. Kimeng'enya kiitwacho RNA polimeresi husoma jeni toka kichwani hadi mkiani, kikitoa nakala ya RNA, na nakala hiyo ndiyo huongoza utengenezaji wa protini. Ila katika seli ya seti moja, polimeresi nyingine huanzia mkiani mwa IME4 na kusoma uzi wa pili kuelekea kichwani. RNA itokayo huko, RME2, haizai protini yoyote. Hata hivyo, usomaji huo wa kinyume ukiendelea, ule wa mbele haufiki mwisho, kama punda mwenye mizigo aliyekutana na mwenzake katika uchochoro wa Lamu.

Na seli ya seti mbili je? Humo, a imeleta protini a1, na alfa imeleta alfa2. Protini hizo hushikana na kukaa juu ya DNA palepale mkiani mwa IME4, zikaibana polimeresi ya kinyume isianze. Njia imebaki wazi. Njaa ikija, IME4 inasomwa yote. Kukutana kwa protini za wazazi wawili ndiko kunakoijulisha seli kwamba ina seti mbili. Mpango mzuri kiasi gani!

Haya yalielezwa mwaka 2006 na Cintia Hongay, Gerald Fink na wenzao nchini Marekani. Walipouzuia usomaji wa kinyume katika seli za seti moja, IME4 ilianza kusomwa mahali isipotakiwa. Majaribio yalionyesha pia kwamba usomaji wa kinyume kwenye nakala moja ya jeni hauifungi nakala nyingine iliyo katika seli hiyohiyo. Kwa hiyo RNA haielei huku na huko ikitafuta jeni ya kunyamazisha. Kinachozuia ni kule kusomwa, papo hapo.

Si kila jeni ya hamira hufuata njia hii. PHO84 hutengeneza protini inayoingiza fosfati ndani ya seli. Mwaka 2007, watafiti wa Geneva, Uswisi, walieleza kwamba seli zinapozeeka, RNA ya kinyume ya jeni hiyo huandamana na kuondolewa kwa alama za asetili kwenye histoni, protini zinazoviringiwa na DNA, na PHO84 ikazimika.

Hamira ina jeni zipatazo 6,000, na nyingi zina RNA za kinyume ambazo kazi yake haijajulikana. Mwenye hamu ya biolojia miongoni mwenu, aanzie hapo.