Daraja la Kwanza na Pointi za Bure: Tunalipia Nini?

Mwaka huu kalamu yangu nimeielekeza kwenye jambo ambalo halimo katika silabasi ya somo lolote, ila linamhusu kila mtu aliyewahi kusimama stejini hapa Kagio akisubiri gari. Mtu akilipa nauli ya juu, anapata kitu cha haja au ananunua jina? Na hizi pointi tunazopewa na makampuni, eti kwa kuwa sisi ni wateja waaminifu, zina thamani gani?

Nianze papa hapa nyumbani. Anayekwenda Nairobi kutoka Kagio hupitia Sagana, Makutano, Kenol na Thika, safari ya kama kilomita 100. Stejini atakuta magari ya aina mbili. Kuna matatu ya kawaida ya abiria 14. Halafu kuna ile ambayo mwenyewe aling'oa viti vyote, akaweka vingine vipana, akaacha kumi au kumi na kimoja tu, kisha akaandika VIP ubavuni. Manamba wa hii ya pili hapigi kelele sana. Anakutazama viatu kwanza.

Tufanye hesabu ndogo, walimu wa Hisabati watanisahihisha. Tuseme nauli ya kawaida ni shilingi 400 na ya VIP ni shilingi 500. (Nauli zetu hupanda na kushuka kama bei ya nyanya, kwa hivyo shikeni hesabu, msishike bei.) Abiria 14 mara 400 ni shilingi 5,600. Abiria 11 mara 500 ni shilingi 5,500. Mmeona? Mwenye gari hajapata hata senti ya ziada. Ile mia moja uliyoongeza imelipia sehemu yako ya viti vitatu ambavyo havimo. Umenunua mahali pa kuweka kiwiko, na umevinunua kwa bei ya haki kabisa. Mimi siwezi kumcheka mtu wa VIP.

Je, amenunua mwendo pia? La hasha! Tangu Februari 2004, kwa zile sheria ambazo hadi leo tunaziita za Michuki, kwa jina la marehemu John Michuki aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, kila matatu inatakiwa kuwa na kidhibiti mwendo kisichoruhusu zaidi ya kilomita 80 kwa saa, na mkanda kwa kila kiti. Sheria haijui VIP. Kwa hivyo gari la VIP likikutangulia kufika Nairobi, ama lilijaa mapema au dereva anavunja sheria, na la pili halifai kulipiwa mia moja. Kuhusu kujaa, ni kweli viti 11 hujaa upesi kuliko 14, lakini wanaotaka kulipa 500 nao ni wachache. Jumatatu alfajiri utaondoka mara moja. Saa sita mchana utakaa ndani mpaka mandazi uliyonunua yapoe na muuzaji arudi kukuuliza kama unaongeza mengine.

Sasa tutoke Kagio twende kwenye reli, kwa maana huko ndiko nilikolazimika kufikiria jambo hili kwa makini.

Treni ya Madaraka Express ilianza kubeba abiria kati ya Nairobi na Mombasa mwaka wa 2017. Kati ya madaraja yake kuna la kawaida na la kwanza. Tarehe 1 Januari 2024 nauli ya safari nzima ilipandishwa: daraja la kawaida kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500, na la kwanza kutoka shilingi 3,000 hadi 4,500. Yaani kabla na baada, wa daraja la kwanza analipa mara tatu ya mwenzake.

Analipia nini? Behewa la kawaida lina viti 118, vimepangwa vitatu upande mmoja na viwili upande wa pili, watu wakitazamana, migongo wima kama tuko paredi. Behewa la daraja la kwanza lina viti 72, viwili viwili, vipana zaidi na miguu inapata pa kunyooka. Basi. Chakula hukipati bure. Unanunua kama mwenzako wa 1,500. Mabehewa yote yamefungwa kwenye injini moja, kwa hivyo mtafika Miritini dakika ileile. Mizigo inakaguliwa Syokimau kwa wote. Mvua ikinyesha nje ya stesheni inawanyeshea wote.

Nikachukua kalamu tena. Behewa la kawaida likijaa linaleta 118 mara 1,500, yaani shilingi 177,000. Behewa la kwanza likijaa linaleta 72 mara 4,500, yaani shilingi 324,000. Kama shirika la reli lingetaka tu behewa la kwanza liingize pesa sawa na la kawaida, kama yule mwenye matatu yetu ya VIP, tikiti ingekuwa kama shilingi 2,460. Kwa hivyo katika ile 4,500, shilingi 2,460 hivi ni za nafasi. Zile elfu mbili na kitu zilizobaki ni za nini? Viti vyenyewe ni bora, hilo nakubali, lakini si bora wa elfu mbili kwa saa tano au sita. Hapo ndipo napoona jina linauzwa.

Mtu atasema daraja la kwanza limekuwa hivyo tangu zamani. Si kweli. Katika treni ya zamani ya Mombasa, ile ya usiku iliyokoma mwaka huohuo wa 2017, aliyelipa daraja la kwanza alipata chumba cha vitanda viwili, wa daraja la pili chumba cha vitanda vinne, na wa daraja la tatu aliketi mpaka asubuhi. (Enzi za ukoloni hakuna Mwafrika aliyekuwa akiulizwa anataka daraja gani, lakini hayo tumwachie mwalimu wa Historia.) Pale pesa zilikuwa zinanunua usingizi. Madaraka Express pia ina safari ya usiku, ila haina kitanda hata kimoja, si daraja la kwanza, si la kawaida. Daraja limebaki jina lilelile, kilichomo ndani kimebadilika.

Sasa niwaeleze kwa nini nilikaa na kikokotoo usiku mzima badala ya kusoma Kemia.

Shosho yangu, mamake mama, ana umri wa miaka 76 na hajawahi kuona bahari. Mjomba anafanya kazi Mombasa na amejenga nyumba ndogo huko. Disemba anataka shosho aende akaibariki. Shosho ana magoti mabaya. Akiketi saa moja bila kunyoosha miguu, kuinuka ni shughuli, lazima ashikwe pande mbili. Tena Kiswahili chake ni kichache. Akiwa na shida atasema kwa Kikuyu, na si kila mtu ndani ya treni ataelewa. Kwa hivyo lazima mtu aandamane naye, na mtu huyo ni mimi, kwa sababu shule zitakuwa zimefungwa na mama hawezi kuacha nyanya zake sokoni.

Mjomba alipiga simu akasema, "Mama hatabanwa kama gunia. Kateni daraja la kwanza." Mama akamjibu, "Kwa watu wawili kwenda ni 9,000. Kawaida ni 3,000. Hiyo 6,000 katikati itoke wapi, na huyu mtoto ana salio la karo?" Mjomba akacheka, akasema ana pointi za Bonga zaidi ya 9,000, mbona tunahangaika.

Hapo ndipo nikaingilia, kwa heshima, maana pointi nilikuwa nishazichunguza.

Pointi za Bonga zilianzishwa na Safaricom mwaka wa 2007. Ukitumia shilingi 10 kupiga simu unapata pointi moja. Mwaka wa 2020, wakati wa korona, kampuni hiyo iliwaruhusu wateja kulipia vyakula kwa pointi, na pointi moja ikahesabiwa senti 30. Kwa bei hiyo pointi 9,000 za mjomba ni shilingi 2,700. Na ili azipate ilibidi atumie shilingi 90,000 za simu! Ni kama mwenye duka anayekurudishia shilingi tatu kila ukinunua kitu cha mia. Tatu si mbaya. Chukua, usikatae. Shida inaanza mtu anapopiga simu ndefu zaidi ili pointi ziongezeke, kwa sababu sasa anatoa mia moja ili apate tatu.

Tena bei ya pointi haipangwi na wewe. Mwishoni mwa 2022 Safaricom ilitangaza kwamba pointi zilizokaa zaidi ya miaka mitatu zingefutwa kuanzia Januari 2023. Watu walipolalamika mpango ukasimamishwa. Waliponea. Waliokuwa na pointi za kadi ya Nakumatt hawakuponea. Supamaketi hiyo, iliyokuwa na matawi katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, ilizama katika madeni, na Januari 2020 wadai wake walipiga kura ifilisiwe. Pointi ni ahadi tu ya mwenye duka. Duka likifa, kadi yako hainunui hata kiberiti.

Mambo haya hayakuanzia kwetu. Shirika la ndege la American Airlines lilianza kuwahesabia abiria wake maili mwaka wa 1981, na wengine wakaiga. Siku hizi hata meli kubwa za kitalii zina ngazi zake. Katika meli za Royal Caribbean, abiria wa chumba cha kawaida hupata pointi moja kwa kila usiku anaolala melini. Akifikisha 80 anaitwa Diamond na kupewa vinywaji vinne vya bure kila siku. Ngazi ya juu kabisa huhitaji pointi 700. Siku mia saba ni karibu miaka miwili ya kulala baharini! Mtu huyo amelipia vinywaji hivyo mara ngapi? Hata hivyo, kwa aliyekuwa atasafiri vyovyote vile, kama mstaafu anayependa bahari, vinywaji hivyo ni faida safi. Anayeongeza safari moja ili apande ngazi ndiye anayeliwa.

Nilipomweleza mjomba haya alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa hivyo mimi nimekuwa wakili. Mama alicheka mpaka akaweka simu chini.

Turudi kwa shosho. Nilisema elfu mbili katika tikiti ya daraja la kwanza ni za jina. Hiyo ni kweli kwangu mimi, mwenye miaka 16 na magoti yanayopanda baiskeli kila asubuhi kuja shule. Kwa shosho si hivyo. Akikaa kwenye behewa la kawaida, goti lake litagusana na la mtu aliyemkabili tangu Syokimau mpaka Miritini, na atashuka akiwa amekakamaa. Siku mbili za kwanza Mombasa atakuwa kitandani. Kiti cha daraja la kwanza kitamwezesha kushuka kwa miguu yake mwenyewe. Kitu kilekile, bei ileile, na bado kwa mmoja ni hasara na kwa mwingine ni nafuu ya kweli. Sijaona tangazo lolote la tikiti linaloeleza hivyo.

Nikapendekeza hivi. Shosho akae daraja la kwanza, mimi nikae la kawaida, jumla shilingi 6,000. Tuchukue treni ya alasiri ili tusilazimike kutoka Kagio usiku wa manane. Kutoka hapa mpaka Nairobi shosho akae kiti cha mbele karibu na dereva katika matatu ya kawaida, kwa sababu pale mbele miguu inapata nafasi kuliko hata kwenye VIP, na ukifika mapema stejini hakilipiwi zaidi. Kikwazo kilichobaki ni lugha. Nitamwandikia karatasi mbili kwa Kiswahili, moja inayosema "Naomba nisaidiwe kwenda msalani" na nyingine yenye nambari ya behewa langu, amwonyeshe mhudumu. Mama alizisoma zote mbili akasahihisha mwandiko.

Mama amekubali, ila kwa safari ya kwenda peke yake. Kurudi, amesema, tutaona mfuko unasemaje. Mjomba bado ananung'unika. Tulipomuuliza shosho mwenyewe kama ataweza kurudi na daraja la kawaida, aliuliza kwanza kama treni ni hiyohiyo moja. Tukamwambia ndiyo. Akasema kurudi hakumpi shida, atakuwa ameshaiona bahari, na magoti yakiuma kuanzia hapo ni kazi yao.