Tuwakumbuke Wazee Wetu Waliotutoka

Ndugu msomaji, je, karibuni umemzika mzee hapa Logiri? Wengi wao walikuwa wakimbizi pia. Idi Amin alipinduliwa mwaka 1979. Mwaka 1980 vita vikafika Arua, nao wakakimbilia Zaire na Sudan, watoto mgongoni. Ndiyo maana walijua kumpokea mkimbizi.

Mimi ni mhudumu wa afya wa kujitolea. Bibi mmoja niliyekuwa nikimtembelea alinitajia majina ya watoto wake wawili aliowazika Zaire. Nikasema nitaandika kesho. Bibi amefariki, na majina yale sasa hayajulikani.

Usifanye kama mimi. Kama nyumbani yupo mzee, mpeleke kituo cha afya apimwe presha. Jioni chukua daftari, ukae naye.