Kuifundisha Kompyuta Kuhesabu Mizani

Utangulizi

Makala haya yametokana na ubishi. Muhula uliopita, katika semina yetu ya ushairi, mwenzangu mmoja alisimama akasema kwamba ushairi wa arudhi ni hesabu za dukani tu: mizani nane huku, mizani nane kule, kina cha kati, kina cha mwisho, biashara imekwisha. Mimi nimelelewa na bibi mwenye kutunga, kwa hiyo niliona kama nimetukaniwa nyumbani kwetu.

Ubishi wenyewe si mpya, na wasomaji wa ukurasa huu wanaujua. Kaluta Amri Abedi alizieleza kanuni za utunzi katika kitabu chake cha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954. Miaka 20 baadaye, mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, akatuonyesha mashairi yasiyojifunga na vina wala mizani. Tangu hapo wanamapokeo na wanamabadiliko wamevutana, na sisi wanafunzi tumeurithi mvutano huo kama watu wanavyorithi kesi ya shamba.

Ila safari hii mwenzangu aliongeza neno moja. Alisema, "Kama ni hesabu, ndugu yangu, basi hata kompyuta itaiweza." Nikamjibu kwa hasira, "Haya, tutaona." Usiku uleule nikaanza kuandika programu ya kuhesabu mizani.

Kusudi la makala haya ni kueleza, kwa lugha nyepesi, programu hiyo inavyofanya kazi, mahali iliponikwamia, na somo ambalo mhakiki wa fasihi anaweza kulipata humo. Msomaji hana haja ya kuwa mtaalamu wa kompyuta. Anayejua silabi anatosha.

Programu ni kitu gani?

Programu ni orodha ya maagizo yaliyopangwa hatua kwa hatua. Ukimtuma mtoto dukani akanunue chumvi, humwambii afungue mlango kwanza, wala humwambii arudi nyumbani baada ya kununua. Hayo anayajua. Kompyuta haijui. Usipoiambia irudi, itabaki dukani.

Jambo la pili: kompyuta haioni herufi kama tuzionavyo sisi. Kila herufi imepewa namba yake. Katika mfumo wa kawaida wa namba hizo, a ndogo ni 97, m ndogo ni 109, na A kubwa ni 65. Kwa hiyo mbele ya mashine, A kubwa na a ndogo ni watu wawili wasiojuana. Mimi nililijua hili kwa kuumia. Mara ya kwanza nilipoijaribu programu yangu, kila mstari ulioanza kwa irabu ulipungukiwa na mizani moja. Nilihangaika karibu saa nzima nikidhani nimekosea hesabu, kumbe mashine ilikuwa imeziruka herufi kubwa kwa sababu sikuwa nimeiambia kuwa nazo ni irabu.

Hatua ya kwanza: irabu

Kiswahili kina bahati. Silabi zake aghalabu ni wazi, yaani huishia kwa irabu. Kwa hiyo anayehesabu irabu za mstari amekwisha kuhesabu sehemu kubwa ya mizani yake. Nikatumia lugha ya programu iitwayo Python, iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, ambayo inapendwa na wanaoanza kwa kuwa maagizo yake ni mafupi. Kwa Kiswahili, maagizo yangu yalikuwa haya:

1. Chukua mstari, geuza herufi zote ziwe ndogo.
2. Anza na hesabu ya sifuri.
3. Pitia herufi moja moja, toka ya kwanza hadi ya mwisho.
4. Kila ukikuta a, e, i, o au u, ongeza moja.
5. Mstari ukiisha, taja hesabu uliyofikia.

Basi. Hiyo tayari ni programu kamili. Ukiipa "kaa" inajibu mbili, ukiipa "maua" inajibu tatu, na zote ni sahihi.

Baadaye niligundua kwamba sikuwa wa kwanza kuhesabu irabu za mashairi. Mwaka 1913 mwanahisabati wa Kirusi, Andrei Markov, alichukua herufi 20,000 za Eugene Onegin, riwaya ya kishairi ya Pushkin, akazihesabu kwa mkono. Alipata irabu 8,638 na konsonanti 11,362. Hakuishia hapo. Alitazama pia kila herufi inafuatwa na nini: irabu hufuatwa na irabu mara ngapi, konsonanti hufuatwa na irabu mara ngapi. Akaonyesha kwamba herufi iliyotangulia inatusaidia kuikisia ile inayofuata. Programu za akili bandia zinazoandika insha na mashairi siku hizi zina ufundi mkubwa mno kuliko wa Markov, lakini wazo la kukisia kinachofuata kutokana na kilichotangulia limo ndani yake.

Hatua ya pili: m na n

Furaha yangu haikudumu. Niliipa programu neno "mtoto", ikajibu mbili. Mwanafunzi wa kidato cha pili angenicheka, maana sote tunajua ni m-to-to, mizani tatu. Ile m inabeba silabi yenyewe, bila irabu.

Nikaongeza kanuni: m ikifuatwa na konsonanti, ongeza moja. Papo hapo "mwalimu" akawa na mizani nne badala ya tatu. Nikaitoa w. Kisha "kumbuka" nalo likazidi, nikaitoa b. Kisha "mvua", nikaitoa v. Baada ya kuzitoa hizo tatu mambo yakatulia: mtoto, mlango, mguu, amka, hamjui, yote yakahesabiwa sawasawa.

Ikabaki n. Katika "njia" n haisimami peke yake: nji-a, mizani mbili. Lakini katika "nchi" inasimama: n-chi. Vivyo hivyo nta na nne. Halafu kuna mbwa, mbu na mvi, ambamo m inabeba silabi ingawa imefuatwa na b au v. Kwa nini? Kwa sababu neno la Kiswahili hupenda kuwa na silabi mbili walau, na mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Neno lenye irabu moja tu huazima silabi kutoka kwa m au n yake. Nikaiandika hiyo kuwa kanuni ya tatu: neno lenye irabu moja, likianza kwa m au n na konsonanti, liongezewe mizani, isipokuwa kama ni mw, ny au ng' na kama kanuni ya pili imekwisha kuliongezea.

Hapa ndipo nilipoanza kushangaa. Tangu utoto nimekuwa nikizifuata kanuni hizi bila kukosea, na hakuna aliyenifundisha. Vitabu vya shule viliniambia "hesabu silabi", nami nikahesabu. Sikujua nahesabu kwa njia gani mpaka nilipolazimika kumweleza asiyejua lolote.

Hata hivyo yapo maneno yaliyotugawa. Mimi nasoma "labda" kwa mizani tatu, la-b-da. Mwenzangu anasema ni mbili. Programu ilikubaliana naye, kwa kuwa haikuona irabu ya tatu. Mtunzi anayetaka kuepuka kesi huandika "labuda", na hapo ugomvi unakwisha.

Ubeti wa upuuzi

Programu ilipokomaa, niliiongezea uwezo wa kulinganisha vina, kisha nikamwita mwenzangu. Yeye akakaa chini, akatunga ubeti huu kwa dakika chache:

Kiatu chameza meza, jiwe lavaa miwani,
Sufuria yajikwaza, sabuni iko shuleni,
Barua inauguza, mwiko walia sokoni,
Ukuta wabembeleza, ndizi yapanda ngazini.

Mashine ikajibu: mishororo minne, mizani nane kwa nane, vina vimetimia, hakuna kosa. Mwenzangu akacheka mpaka akatoa machozi. "Umeona, bwana? Arudhi yako imepitisha takataka."

Nilinyamaza, maana hapo alikuwa na haki. Ubeti ule ni tarbia safi, na hausemi kitu. Nilikuwa nimezoea kuvitetea vina na mizani kana kwamba ni walinzi wa ubora, kumbe ni walinzi wa umbo tu. Nadhani hakuna mtunzi wa mapokeo aliyewahi kudai kwamba umbo peke yake latosha. Sisi wanafunzi ndio tunaoandika hivyo katika mitihani: "shairi hili ni zuri kwa kuwa limezingatia urari wa vina na mizani." Mimi mwenyewe nimeliandika sentensi hilo si mara moja, na nimepewa alama.

Mstari wa bibi

Lakini kisa hakikuishia hapo. Nilikuwa na daftari la tungo za bibi yangu wa Pangani, na nilikusudia kuzipiga chapa. Nikaona nizipitishe kwanza kwenye programu ili nisahihishe penye makosa. Karibu zote zilipita. Mmoja ulikataliwa, nao ulitoka katika maombolezo ya babu, ambaye alikuwa fundi mwashi:

Mbuni wa nyumba yetu, hakuyaomba malipo

Mashine ilisema: kipande cha kwanza kina mizani saba, kimepungua. Nikahesabu kwa kidole, nami nikapata saba. Nikashika kalamu ili niongeze silabi moja. Nilikuwa nimekwisha kuandika pembeni "Mbunifu wa nyumba yetu", ambayo inazidi, nikaifuta. Ndipo nikaona afadhali nimpigie simu mwenyewe.

Nikamweleza kwa adabu kwamba mstari umepungua. Akaniambia, "Hebu nisomee." Nikasoma. Akanikatiza: "Sasa wewe mjukuu wangu, babu yako unamfanya ndege?" Kisha akauimba mwenyewe polepole, na nikaisikia ile m ikisimama peke yake: m-bu-ni wa nyu-mba ye-tu. Nane kamili. Mbuni ndege ni mbu-ni, mizani mbili. Mbuni mwenye kubuni ni m-bu-ni, mizani tatu, kwa kuwa m yake ni ile ya mtu, ya mtunzi na mwalimu. Tahajia ni moja.

Je, kompyuta ingeweza kufundishwa kutofautisha? Kwa maneno mengine, ndiyo. "Mtu mbaya" ina mizani tano na "nguo mbaya" ina nne, na programu inayojua ngeli ingeitazama nomino iliyotangulia ikaamua. Programu za kuchanganua maneno ya Kiswahili zipo tangu miaka ya 1980, hasa kazi ya Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Lakini mstari wa bibi ni mgumu zaidi. Ndege mbuni naye, kwa kuwa ni mnyama, huchukua upatanisho wa viumbe: mbuni huyu, mbuni wa fulani. Kwa hiyo sarufi peke yake haimtoi mtu hapo. Anayemjua babu ndiye ajuaye mizani ya mstari ule. Ili upate hesabu, ni lazima kwanza upate maana.

Mtu atauliza kwa nini nisiiachie akili bandia kazi yote. Programu hizo hukata maandishi katika vipande vinavyopatikana kwa kutazama mifuatano ya herufi inayojirudia mara nyingi, na si lazima vipande hivyo vilingane na silabi zetu. Zinaweza kukisia vizuri. Lakini mimi nilitaka kujua kwa nini mstari una nane, si kuambiwa tu kwamba una nane.

Hitimisho

Nilirudi kwa mwenzangu nikamweleza kisa cha mbuni. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Basi si hesabu za dukani." Nami nikamkubalia lake, kwamba hesabu ikitimia si lazima shairi liwe limezaliwa. Hatukupata mshindi, na sidhani kwamba mvutano wa wakubwa wetu utakwishia chumbani kwetu.

Tulichofanya ni kuibadili programu. Sasa ikikuta neno linaloanza kwa mb au mv haitoi hukumu. Inataja hesabu mbili na kuweka alama ya kuuliza, ili msomaji aamue. Kwa njia hiyo imekuwa msaidizi mzuri: inatupitishia mamia ya beti kwa nukta chache, na inatuachia ile mistari michache inayohitaji sikio.

Kwa wenzangu wahakiki nina ombi moja. Jaribuni kumfundisha asiyejua, hata kama ni mashine, lile mnalodhani mnalijua. Kisha, kabla hamjauandika mstari wa mtu kuwa mbovu, usomeni kwa sauti. Mstari wa bibi nimeurudisha daftarini kama alivyoutunga, na ile "Mbunifu" niliyoifuta bado inaonekana pembeni.